Huyu Juma wa "Pwani Tu" ni Nani?

Wanangu wa Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga mpaka Kinango, hebu tuambizane ukweli leo. Kila siku watu wanalalamika eti Pwani haionekani kwenye skrini. Mimi sikubaliani. Diani inaonekana mpaka imechoka. Msanii wa Nairobi akitoa video, mchanga ni wa Diani. Tangazo la simu, mnazi ni wa Diani. Staa akioa, droni inapita juu ya bahari ya Diani. Wasioonekana ni wenye Diani. Sisi tuko kule nyuma, tunapanga viti.

Mjadala wa uwakilishi kwenye burudani ukianza, watu hukimbilia kuhesabu sura. Wanawake wangapi, kabila gani wangapi, wenye ulemavu wangapi. Kuhesabu si vibaya. Lakini unaweza kujaza skrini sura za Pwani, mabuibui na vikoi juu, na bado usiwe umemuonyesha Mpwani hata mmoja, kwa sababu aliyeandika maneno yao anatujua kwa wikendi mbili za hotelini.

Mwaka jana kampuni moja ya matangazo ilinitumia skripti. Mhusika ni Juma. Juma amelala chini ya mnazi, anaamshwa, anasema "yakhe, pole pole," analala tena. Basi, hiyo ndiyo sehemu yake. Nikauliza, huyu Juma kwao ni wapi? Nikajibiwa, "Pwani tu." Anafanya kazi gani? "Si ako tu bichi." Niliikataa, na wallahi pesa nilikuwa naihitaji, maana chuo niliacha na hii kamera ndiyo inayonilipia nyumba.

Sasa nambie, "Pwani tu" ni wapi? Tuchukue Kwale peke yake. Diani na Msambweni utasikia Chidigo. Panda Kinango, ni Chiduruma. Vanga na Wasini wana Kivumba chao. Shimba Hills kuna Wakamba waliozaliwa hapo hapo, na wazazi wao pia. Kuna Wamakonde, kuna Wapemba. Hawa wote wakifika kwenye skripti wanakuwa Juma mmoja anayesema yakhe.

Najua kuna mtu atasema, kaka punguza hasira, kuigiza ni kuigiza. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, na aliigiza lafudhi ya Kijaluo miaka na miaka. Kenya nzima ilimpenda mpaka alipofariki 2015. Ni kweli kabisa, na mimi sitaki kuona kitambulisho cha mwigizaji yeyote. Lakini angalia Ojwang' alipewa nini. Alikuwa na mke, alikuwa na ujanja, leo anashinda, kesho anaumbuka. Alikuwa mtu mzima mwenye mambo yake, na wewe unayecheka ulijua anataka nini. Juma anataka nini? Hata aliyemwandika hajui.

Halafu kuna mzaha mmoja ambao mimi umeniisha utamu: mganga wa Kwale. Mtu akiibiwa simu, komenti ni "twendeni Kwale." Demu akimuacha jamaa, "Kwale si mbali." Skiti za majini zinapata watazamaji mara kumi kuliko video ya sengenya, kwa hivyo vijana wetu wenyewe wanazitengeneza, tena kwa bidii. Msitu wowote wa kwetu kwenye skiti ni wa majini. Kaya Kinondo iko hapo hapo Diani, ni moja ya kaya za Wamijikenda zilizoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, wazee wameilinda vizazi na vizazi. Hiyo hadithi hatuigizi.

Na huku nje ya skrini, Kwale na Kilifi wazee wanauawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi zako na macho mekundu ya moshi wa jikoni ndio ushahidi. Mara nyingi ukichimba chini unakuta ni shamba ndilo linalotakiwa. Kule Ganze, Kilifi, kuna kituo kinaitwa Kaya Godoma, wanakojificha wazee waliokimbia watu wao wenyewe. Sisemi komedi inashika panga. Nasema mtoto aliyecheka mganga kila jioni tangu akiwa na miaka sita, siku akisikia babu ya jirani anaitwa mchawi, hatashtuka. Atasema, "kwani si tunajua?"

Hata wageni wametupiga hivyo hivyo. Mwaka 2012 mwongozaji wa Austria, Ulrich Seidl, alipeleka Cannes filamu ya Paradise: Love, kuhusu mama wa Kizungu na vijana wa ufuoni hapa pwani ya Kenya. Inamuumbua mtalii vizuri, hilo nampa. Lakini uchungu tunaoufuata mwanzo mpaka mwisho ni wa yule mama. Kijana wa bichi ni kitu kilichomtokea kwenye likizo yake.

Na msiniambie hadithi zetu haziuzi. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, na kampuni yao ya Jiffy Pictures, walileta Sultana pale Citizen TV mwaka 2022. Watu wa bara, ambao wanasema Kiswahili chetu ni kirefu, walikaa mbele ya TV kila jioni wakakisikiliza. Heshima zao. Lakini nyumba moja ya filamu haiwezi kubeba kaunti sita mgongoni. Na kuna ajabu nyingine: wakitaka sauti tamu ya kusoma habari, wanatuita sisi. Wakitaka mtu wa kuandika hadithi, simu inapigwa kwingine.

Hadithi zipo, tena za kweli. Oktoba 2016, Wamakonde walianza safari Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais, kudai vitambulisho. Watu waliozaliwa hapa, wazee wao waliletwa kulima mkonge na miwa, lakini kwenye karatasi hawakuwa wa nchi yoyote. Bila kitambulisho huwezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lako. Walishinda, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba nao walitambuliwa 2023. Hiyo ingekuwa Marekani, ingeshatengenezwa filamu tatu. Mgodi wa Base Titanium umefunga kazi mwisho wa 2024, kuna vijana Msambweni wamerudi nyumbani na buti za kazini. Huyo kijana ana usingizi wa chini ya mnazi kweli?

Msinielewe vibaya, sijasema Mpwani aonyeshwe malaika. Tuleteeni Mdigo mwizi, Mduruma mwanasiasa muongo, dada wa Ukunda anayewala wanaume hela. Mradi awe na kwao, awe na sababu, na lugha iwe ya mdomo wake.

Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani. Sawa, lakini "nyumbani" ni Kenya yote kwa jumla. Kituo kinaweza kufikisha hesabu bila kuvuka Mariakani. Kwa hivyo sheria peke yake haitatusaidia, na tusikae kuingoja.

Ninachoomba ni kidogo. Ukija Diani kupiga video, tafuta mwandishi wa hapa kabla hujatafuta hoteli, na umlipe kama unavyomlipa mwenye droni. Wewe kijana wa kwetu ukipewa skripti, uliza Juma kwao wapi. Wakikosa jibu, wape wewe, na jina lako liandikwe kwenye waandishi. Na wewe mtazamaji, ile video ya bibi anayeongea Chidigo, iangalie mpaka mwisho kabla hujapita kwenda kwa majini.

Haya, komenti ziko wazi. Niandikie mtu mmoja wa kwenu ambaye hujawahi kumuona kwenye skrini. Mimi naanza: mama anayelima mwani Kibuyuni, maji kupwa, kanga kiunoni, anapiga hesabu ya karo kichwani.