Uso uliolegea hauponywi kwa pupa

Mwalimu mwenzangu alirejea darasani miezi minne baada ya kuondolewa uvimbe uliokuwa umeota kwenye neva ya usikivu. Uvimbe wenyewe haukuwa saratani. Hata hivyo, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Alipotamka "baba" na "mama", midomo haikukutana vyema, na baadhi ya wanafunzi wakacheka. Juma hilo hilo aliniuliza iwapo akope fedha anunue kijimashine cha umeme, alichoambiwa kingeunyosha uso kwa mwezi mmoja.

Nilimshauri asikope. Neva ya saba ya kichwa, iongozayo misuli ya uso, hupita sambamba na ile ya nane, ya usikivu na mizani ya mwili. Uvimbe unapoondolewa kwenye neva ya nane, ile ya saba huweza kuvutwa, kuvimba au hata kukatika. Isipokatika, aghalabu nguvu hurejea, ila polepole mno: nyuzi zilizoharibika hukua upya kiasi cha milimita 1 tu kwa siku.

Umeme usoni si jambo geni. Mnamo 1862, tabibu Mfaransa Duchenne alichapisha kitabu chenye picha za nyuso alizozikunja kwa umeme. Alithibitisha kwamba umeme hukaza msuli. Kukaza msuli na kukuza neva ni mambo mawili, na wauzaji huyachanganya. Mwaka 2011, uchambuzi wa Cochrane kuhusu kupooza kwa Bell, ugonjwa wa neva hiyo hiyo, haukupata ushahidi madhubuti kwamba umeme huleta nafuu kubwa. Wapo pia wataalamu wanaohofia kwamba huenda ukaizoeza misuli kujikaza kwa pamoja, hata mtu akitabasamu jicho lijifumbe.

Utafiti ungali unaendelea, na anayetaka kujaribu umeme ajaribu chini ya uangalizi wa daktari. Kwanza jicho lisilofumba lilindwe kwa matone na malhamu. Pili, mgonjwa afanye mazoezi ya taratibu mbele ya kioo, akielekezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Tatu, asikose kurudi kwa daktari wake, kwani msuli ukikaa mno bila neva hudhoofika kabisa, na nafasi ya kuunganisha neva upya hupita. Fedha na miezi ikiishia kwenye kijimashine, nafasi hiyo hupotea.

Nasi shuleni tuna wajibu. Sauti p, b na m huhitaji midomo miwili. F na v huhitaji mdomo na meno. Zikififia, muktadha humsaidia msikilizaji makini kuzitambua. Mwalimu mkuu na ampunguzie mwenzetu vipindi kwa muda, na wanafunzi wanyamaze wamsikilize. Lugha ni ya anenaye na asikiaye. Mmoja akilemewa, mwenzake hana budi kumsaidia mzigo.