Theluji ya Wenzetu na Mvua Yetu

Kila Noeli ikaribiapo liko jambo katika nyumba zetu za Shinyanga na Geita ambalo yatupasa kulipinga waziwazi. Watu huchukua pamba, ile ile iliyopaliliwa kwa jasho, wakaitandaza juu ya matawi ili ifanane na theluji. Watoto nao, wakiambiwa waichore sikukuu, huchora paa lililofunikwa na weupe ambao hawajauona hata siku moja. Nje mvua ya Desemba yanyesha na mahindi yachipua, wala hakuna ayachoraye.

Wako watakaotujibu, "Picha ya theluji ina ubaya gani?" Haina ubaya. Huko Japani alikuwako mchoraji Kawase Hasui (1883–1957), ambaye mwaka 1931 alitoa picha ya hekalu la Hie, mjini Tokyo, katika theluji. Picha zake zilipigwa chapa kwa mbao: yeye alichora, fundi mwingine akachonga ubao kwa kila rangi, na mwingine akapaka rangi na kuisugua karatasi juu yake. Mara nyingi weupe wa theluji katika picha za namna hiyo ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila rangi. Ni kazi ya kustaajabisha.

Lakini tuulize: kwa nini Hasui alichora theluji? Kwa sababu ilianguka kwao, katika mji aliozaliwa. Mwaka 1923 tetemeko la nchi na moto viliiangamiza Tokyo, na madaftari ya michoro yake yakateketea. Naye akashika safari, akaichora nchi yake upya. Atakaye kumwiga na auige upendo huo. Theluji amwachie mwenyewe.

Wala hatuna haja ya kwenda Japani kutafuta mfano. Pale Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement alisimamia kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake yafanana na kiti cha mtemi. Padre huyo alitoka Kanada, nchi ya theluji hasa, wala hakutuletea theluji. Ikiwa mgeni aliona ya kuwa vitu vyetu vyastahili kuwekwa mbele ya Mungu, sisi wenyeji twaona haya ya nini?

Walimu wenzetu, wapeni watoto kalamu na kuwatoa nje. Na wachore majabali ya Shinyanga, mibuyu, ng'ombe wakirudi jioni, na wachimbaji wa Geita wakipanda kutoka shimoni na vumbi usoni. Na wachore Noeli yenye matope mlangoni, kwa maana ndivyo ijavyo kwetu. Mwacha asili ni mtumwa. Nayo pamba na iende kiwandani ikachambuliwe, iwalipie ada.