Mgumu Hasikii Njaa?

"Mgumu hasikii njaa." Ukikaa Moshi miezi miwili tu, utaisikia kauli hii stendi, kwenye ofisi za utalii, hata kwa wapagazi wenyewe, maana wao ndio waliojipa jina la wagumu. Inasemwa kama sifa. Kazi yake halisi ni kuhalalisha mtu kubebeshwa kilo 20 kutoka geti la Machame, kisha kulishwa mara moja kwa siku.

Nasoma uzamili wa biokemia, na kauli hii inaniudhi zaidi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Juu kule njaa hupungua kweli. Swali ni hili: kilichopungua ni mahitaji ya mwili, au ni taarifa tu?

Njaa ina mjumbe wake. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani, pamoja na wenzao, walitangaza kuigundua grelini, homoni inayotengenezwa zaidi tumboni. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28. Ikiwa tupu, kipokezi chake hakiitambui. Ni lazima kwanza kimeng'enya kiitwacho GOAT (ndiyo, kwa Kiingereza herufi hizo husomeka "mbuzi") kiibandike asidi ya mafuta yenye kaboni 8 kwenye asidi amino yake ya tatu. Hapo ndipo ubongo unapoisikia, nawe unaanza kuwaza makande. Kimeng'enya hicho kilitambuliwa mwaka 2008 na makundi mawili ya watafiti nchini Marekani.

Sasa tupande mlima. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo vijana wa kiume walivuta hewa yenye oksijeni ya mwinuko wa mita 4,000, karibu sawa na kambi ya Karanga. Grelini iliyoamilishwa ilipungua, hamu ikashuka, wakala kidogo. Mazoezi nayo yaliishusha kwa muda. Mpagazi ana vyote viwili kwa pamoja, mwinuko na mzigo. Nguvu anayotumia haijapungua hata chembe. Aliyenyamaza ni mjumbe.

Na mjumbe huyu hakuwekwa mwilini kwa ajili ya ulafi. Huko Dallas, panya waliozaliwa bila GOAT walipunguziwa chakula kwa asilimia 60. Baada ya siku chache sukari ya damu yao ilishuka mpaka wakakaribia kufa, wakati panya wa kawaida waliopewa mgao huohuo walihimili. Panya si mpagazi, najua. Lakini linalofundishwa hapo ni kwamba grelini husaidia kulinda uhai chakula kinapokuwa haba. Mahali inapopungua ndipo mwangalizi mwingine anapohitajika.

Tena jambo hili linajulikana mlimani. Mtazame kiongozi na mgeni wake kwenye hema la chakula. Mgeni anasukuma sahani, anasema hana hamu. Kiongozi hamwachi: "Kula kidogo, huku juu hamu hupotea, bila chakula hutafika Uhuru." Supu inaletwa, bisi zinaletwa, chai inaletwa. Mita chache kutoka hapo, mpagazi akisema hana njaa, maneno yaleyale yanapokewa kama hesabu iliyofungwa. Je, oksijeni hupungua kwa wageni tu?

Watasema gharama. Sawa, tuzungumzie gharama. Unga, maharage na dagaa ni sehemu ndogo ya bei anayolipa mgeni. Kampuni inayoshusha bei kwa kukata mlo wa mpagazi haijapunguza gharama; imemhamishia mtu wa mwisho kwenye foleni, ambaye atailipa kwa mwili wake. Mradi wa KPAP hapa Moshi umekuwa ukidai milo mitatu kwa siku kwa wapagazi, na zipo kampuni zinazotimiza. Kwa hiyo inawezekana.

Wewe unayesoma hapa huenda unapanga kupanda na wenzako Desemba 9. Kabla ya kulipa, uliza: wapagazi watakula mara ngapi, na watakula nini? Wakikujibu kwamba wagumu hawasikii njaa, kalipe kwingine.