Riba: takwimu za kabla na baada hazitoshi

Kila Serikali inapoingilia bei sokoni, mabishano huzuka kuhusu matokeo. Wengi hutazama hali ya kabla, wakailinganisha na ya baada, wakatoa hukumu. Kipimo hicho ni chepesi, lakini kwa mwenye fedha zake sokoni ni cha hatari.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti riba ni mfano mzuri. Ilianza kutumika Septemba 14, 2016, na kuzuia benki kutoza mikopo zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kiliposhushwa hadi asilimia 10 mwezi huohuo, mkopo haukuweza kuzidi asilimia 14. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019.

Wapinzani wa sheria walikuwa na takwimu nzito. Katikati ya 2017, mikopo kwa sekta binafsi ilikua kwa takriban asilimia 2 tu kwa mwaka. Lakini ukuaji huo ulikuwa karibu asilimia 25 katikati ya 2014, na kabla ya sheria kuanza ulikuwa umeshashuka hadi karibu asilimia 5. Sehemu kubwa ya mporomoko ilitangulia sheria. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu zilikuwa zimewekwa chini ya usimamizi, na mwaka 2017 ulikuja na ukame na kura mbili za urais.

Je, sheria haikuwa na madhara? Hapana. Swali ni lipi kati ya hayo lilikuwa lake. Njia ya kulijibu ni kulinganisha makundi mawili: wakopaji waliokuwa wakilipa zaidi ya asilimia 14, na wale waliokuwa chini ya hapo tayari. Ukame na uchaguzi viliwagusa wote. Kundi la kwanza likipoteza mikopo kwa kasi zaidi, tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa ya sheria. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo sheria haikuvibana, navyo ni kipimo, ila kwa tahadhari: wateja waliokataliwa na benki huenda walihamia huko.

Uchunguzi wa Benki Kuu uliotolewa Machi 2018 ulionyesha idadi ya akaunti za mikopo ikipungua huku wastani wa mkopo ukipanda. Hiyo ni alama ya sheria kuliko ya ukame. Mwenye duka dogo asiye na dhamana, aliyekusudiwa kulindwa, ndiye aliyeachwa nje.

Tahadhari hiyohiyo yahitajika kwa waliosifu au kulaumu kufutwa kwa kikomo. Miezi minne baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa korona uliingia Kenya. Takwimu za mwaka huo peke yake hazithibitishi chochote.

Wabunge wangefanya vyema kuamua, kabla ya sheria kuanza, kitakachopimwa na kitalinganishwa na nani. Mnunuzi wa hisa za benki naye ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuuza kwa hofu: mwelekeo ulikuwaje kabla ya sheria, nini kingine kilitokea wakati huo, na nani hakuguswa? Taarifa isiyojibu hayo haifai kuuzia wala kununulia.