Namba za 01 zilikuja na 07 hazikuzimwa: IPv6 nayo iingie hivyo

Unakumbuka namba za simu zinazoanza na 01 zilipoingia mwaka wa 2019? Za 07 zilikuwa zinaelekea kuisha, kwa hivyo zikaongezwa nyingine. Hakuna aliyenyang'anywa laini yake ya 07. Lakini tuseme ukweli, wenye 01 walisumbuka mwanzoni. Unajaza fomu mtandaoni, inakwambia namba yako si sahihi, kisa haianzi na 07. Laini haikuwa na shida. Ni mwenye fomu ndiye hakuwa amejipanga.

Jambo kama hilo linaendelea sasa kwenye intaneti, na sisi tunaona wafanyabiashara wengi wanaliachia mtu wa IT peke yake.

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni hutumia anwani. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Afrika tulikuwa bado na zetu, lakini Januari 2020 AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani kwetu, liliingia awamu ya mwisho, ambapo ombi moja halipati zaidi ya anwani 1,024. Mfumo mpya, IPv6, una anwani nyingi sana, za kutosha kila simu, kila mashine na kila taa ya barabarani.

Sasa wewe inakuhusu nini? Kwa sababu anwani za zamani ni chache, kampuni za intaneti huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja wao akianza kubahatisha nywila za watu, mfumo wa usalama unaweza kufunga anwani nzima. Wewe uliyetaka tu kuangalia salio kwenye app unafungiwa nje bila kosa. Na ukiibiwa, kumfuata mwizi kunakuwa kugumu, maana anwani aliyotumia ilikuwa ya watu wengi wakati huo huo.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya: maduka, sacco na ofisi zinazopokea malipo mtandaoni zianze kutumia IPv6 sasa, lakini zisizime IPv4. Ziende pamoja.

Mbona zote mbili? Hapa mfano wetu wa namba za simu unafika mwisho. Laini ya 01 inapigia ya 07 bila shida yoyote. IPv4 na IPv6 haziongei moja kwa moja. Kifaa kinachojua mfumo wa zamani pekee hakiwezi kufikia seva iliyo kwenye mfumo mpya pekee, labda kuwe na mtambo wa kutafsiri katikati. Mashine ya malipo iliyokaa kaunta miaka mingi, printa ya risiti, kamera ya duka, vingi vya hivi vinajua ya zamani tu. Ukiizima ghafla, foleni ya wateja ndiyo itakwambia.

Wapo wanaosema kuendesha mifumo miwili ni kazi mara mbili. Hawajakosea. Kila sheria ya ulinzi inaandikwa mara mbili, na kitu kikiharibika unakagua njia mbili. Ila wengi tayari wako na miwili bila kujua. Kompyuta za Windows huja IPv6 ikiwa imewashwa tangu Vista, mwaka wa 2007. Ofisi inaweka ulinzi mkali upande wa IPv4, na ule mwingine haujaangaliwa kabisa. Ni kama kutia kufuli mlango wa mbele na kuacha wa jikoni umerudishiwa tu.

Kama una biashara, muulize mtu wako wa IT maswali matatu wiki hii: IPv6 imewashwa kwetu? Ulinzi ulioko kwa IPv4 uko pia kwa IPv6? Ni vifaa gani vyetu bado vinajua ya zamani tu? Akikosa jibu la swali la pili, anzeni hapo.

Na wewe mteja wa kawaida, huna cha kubadilisha. Malipo ya USSD kwenye kabambe hayatumii anwani hizi kabisa, na simu yenye intaneti huchagua njia yenyewe. Kwa hivyo mtu akikupigia akisema laini yako "inahamishwa kwenda IPv6" na anataka PIN yako, kata simu. Mabadiliko haya hufanyika kwenye mitambo, na hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN ya mteja.