Kwa Nini Nafungua Dirisha

Wenzangu wa bwenini hunilaumu kwamba usiku nafungua dirisha, na baridi ya Juni hapa Kinampanda, juu ya uwanda wa Iramba, kila mtu aijua. Naomba nafasi nijitetee.

Uviko-19 ulipoingia nchini, Machi 2020, nilikuwa shule ya msingi. Shule zilifungwa mpaka Juni 29. Tuliporudi, palikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura imekwisha, na wengi wakasikia kwamba ugonjwa ndio uliokwisha. Sivyo. Virusi vingalipo, ila miili ya wengi imekwisha kujifunza kupigana navyo, kwa kuugua au kwa chanjo, ambayo ilianza kutolewa hapa nchini Julai 2021.

Siogopi kwa ajili ya nafsi yangu. Kijana akiugua, mara nyingi huinuka baada ya siku chache. Naogopa likizo. Twasafiri tumebanana ndani ya basi, twafika nyumbani tukikohoa, na wa kwanza kutukumbatia ni bibi. Mwaka jana nilimpelekea wangu kikohozi, akalala wiki tatu. Kama kilikuwa Uviko au mafua tu sijui, hakupimwa. Kwake yeye ilikuwa mamoja.

Sisemi shule zifungwe tena. Hasara yake ilikuwa kubwa. Nasema dirisha moja tu libaki wazi, na anayekohoa asisogee karibu na wazee mpaka apone. Anayeona baridi aje kwangu, nina blanketi la pili.