Amri Moja, Maana Mbili: Lugha na Usalama wa Mafundi wa Viwanda vya Chai

Wahenga walinena kwamba ulimi unauma kuliko meno. Aghalabu methali hii huwaonya wasengenyaji. Leo nataka iwaonye wenye viwanda, wasimamizi wa zamu na walimu wa vyuo vya ufundi, kwa sababu neno lisilo bayana, likitamkwa kando ya bomba la mvuke, linaweza kumbabua mtu hadi mfupani.

Miaka michache iliyopita nilizuru kiwanda kimoja cha chai katika vilima vilivyo baina ya Kericho na Bomet. Sitakitaja jina, kwa maana niliyoyaona huko yangeweza kutokea katika kiwanda chochote. Taaluma yangu ni isimu, nami nilikwenda kukusanya msamiati wa mafundi. Nilisimama karibu na mtambo wa kukaushia majani pamoja na fundi mkuu, mzee mpole aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Mbele yetu palikuwa na valvu mbili zilizokaribiana: moja ya kuzungushwa kwa mkono, na nyingine inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Hii ya pili ilikuwa imepangiwa kukarabatiwa siku hiyo. Mzee alitaka mvuke upitie njia ya pembeni wakati wa matengenezo, naye akamwita kijana aliyeajiriwa karibuni. Alimwelekeza kwa kidole na kusema: "Fungua ile valvu."

"Sawa, mzee," kijana akajibu. Alitwaa spana, akapanda ngazi na kuanza kulegeza nati za kifuniko cha valvu ya hewa. Bomba lilikuwa bado lina mvuke. Alikuwa amefikia nati ya pili mzee alipopiga ukelele uliowashtua hata waliokuwa kwenye meza za kunyaushia majani. Kijana akashuka, uso umemparama.

"Nilikwambia ufungue!" mzee akafoka.

"Nami nilikuwa ninaifungua, mzee."

Msomaji, wote wawili walisema kweli. Hakuna aliyeumia siku hiyo, ila mimi niliondoka pale nikiwa na wasiwasi ambao haujaniishia hadi leo.

Kitenzi "funga" kimebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao, na pia tunafunga mtambo, yaani tunausimika mahali pake. Kinyume chake ni vivyo hivyo. Tunafungua mlango, tunafungua mkutano, na mafundi wetu wanafungua injini, yaani wanaichambua kipande kwa kipande. Kwa hiyo "fungua valvu" ina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Ya kwanza ni kuruhusu mvuke upite. Ya pili ni kuondoa nati na kuitoa valvu matumbo yake. Anayetenda la pili wakati aliyeamuru alikusudia la kwanza hujifungulia mvuke usoni. Nyumbani muktadha hutosha kutuonyesha maana iliyokusudiwa, lakini katika kelele za kiwanda, muktadha nao haukawii kupotea.

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, yafaa tuitazame kwanza valvu yenyewe. Chai haikauki bila joto, na joto la viwanda vyetu vingi hutoka kwenye boila zinazochochewa kwa kuni. Mvuke wenye shinikizo la bar 10 huwa na joto la takriban nyuzi 180 za Selsiasi. Mvuke huo hupitishwa kwenye mabomba yanayoipasha moto hewa ya kukaushia, na valvu ndiyo inayoamua ni kiasi gani kipite. Haiwezekani mtu asimame pale mchana kutwa akizungusha usukani. Badala yake, hewa ya kompresa husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo husukuma ufito, na ufito husogeza kizibo kwenye kiti chake. Upande wa pili kuna springi inayorudisha kila kitu mahali pake hewa inapopungua. Aghalabu ishara ya hewa inayotumika huanzia bar 0.2 hadi bar 1.

Bar 1 yaonekana kuwa kitu kidogo, hasa tukikumbuka kwamba tairi la gari hubeba zaidi ya hiyo. Lakini kiwambo chenye eneo la sentimita za mraba 600 kikisukumwa kwa bar 1, hutoa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 600 hivi, yaani zaidi ya magunia sita ya mahindi ya kilo 90. Springi nayo sharti iwe na uwezo wa kuikabili nguvu hiyo. Ndiyo maana fundi asiyejua huweza kukata hewa, akadhani kwamba valvu sasa imekufa, akafungua kifuniko, na springi iliyojikunja ndani ikaruka kama chui aliyekurupushwa.

Kwa hiyo hatari zinazomkabili fundi ni tatu: mvuke ulio katika bomba, hewa iliyo katika kiwambo, na springi iliyobanwa. Kila moja huondolewa kwa utaratibu wake. Kwanza, aliye kwenye zamu aarifiwe kwamba valvu inatolewa kazini. Pili, valvu za mkono zilizo mbele na nyuma yake zizibwe, zitiwe kufuli na kibao cha onyo, na kila fundi awe na kufuli yake na ufunguo wake mfukoni mwake mwenyewe. Tatu, mvuke uliosalia katikati utolewe kwa koki ya chini, na bomba liachwe lipoe. Kipimo kinachoonyesha sifuri kisiaminiwe peke yake, kwa maana vipimo huharibika kama vitu vingine. Nne, hewa ikatwe na kutolewa yote, kisha springi ilegezwe kidogo kidogo kama mtengenezaji alivyoelekeza. Hata baada ya hayo, nati za kifuniko hulegezwa kwa zamu, fundi akiwa amesimama kando, na haziondolewi mpaka iwe yakini kwamba hakuna kilichobaki ndani.

Kuijenga upya nako kuna masharti. Gasketi na pakingi zilizokwisha kubanwa hazirudishwi, na katika mitambo ya zamani gasketi kuukuu yaweza kuwa na asbesto, ambayo haifai kukwanguliwa ikiwa kavu. Nati hukazwa kwa kuvukana, huku na kule, ili kifuniko kisikae upande. Kisha valvu hujaribiwa kwa hewa kabla ya kurudishiwa mvuke, ili ionekane kama ufito unasafiri mwanzo, kati na mwisho bila kukwama. Mvuke wenyewe hurudishwa polepole, kwa kuwa maji yaliyotuama njiani yakisukumwa ghafla hupiga bomba kama nyundo.

Naam, haya si siri. Yameandikwa katika vitabu vya watengenezaji, na mafundi wakuu wengi wanayajua. Swali langu ni je, yameandikwa kwa lugha gani, nayo humfikia nani? Katika kiwanda nilichozuru, kila kibao cha onyo kilikuwa kwa Kiingereza. Nilimwomba kijana yule anieleze kimoja kilichotundikwa kwenye bomba. Alikisoma vizuri, kama alivyofundishwa shuleni, lakini hakuweza kuniambia kinamtaka afanye nini. Kusoma maneno na kuelewa amri ni mambo mawili.

Watakuwapo watakaosema kwamba ninatia chumvi, na kwamba ajali huletwa na uzembe wala si sarufi. Na wakumbuke yaliyotokea Tenerife, katika visiwa vya Canary, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia, na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa kauli ya rubani ambayo yeye aliikusudia kwa maana moja na mwongozaji wa ndege akaifahamu kwa maana nyingine. Baada ya msiba huo, wenye usafiri wa anga waliamua kwamba neno la Kiingereza la kuruka lisitumiwe ila wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka. Penginepo hutumiwa neno jingine. Hawakubadilisha injini wala mbawa. Walibana neno moja.

Hata hivyo, uungwana wanidai nikiri kwamba lugha inayofahamika haitoshi peke yake. Tarehe 6 Julai 1988, mtambo wa mafuta wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini uliteketea na watu 167 wakaangamia. Valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa ili ikarabatiwe, na tundu lake likazibwa kwa bamba tu. Kibali kilichosema hivyo hakikuwafikia waliokuwa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipokwama, wakaiwasha ile ya kwanza. Pale lugha haikuwa kikwazo, lakini ujumbe haukufika. Kwa hiyo nasema: ujumbe sharti uwepo, ukae mahali pake, na usomeke na aliyekusudiwa. Likikosekana moja, mengine mawili hayafai kitu.

Sheria iko upande wangu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa usalama wa mfanyakazi. Habari isiyofahamika haijatolewa. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Na tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunaimba na kucheza ngoma. Ni jambo jema. Lakini lugha inayosifiwa jukwaani na kunyimwa kibao cha onyo kiwandani imeheshimiwa nusu.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nisipendekeze Kikipsigis, ilhali ndicho kinachozungumzwa na wenyeji wengi wa Kericho na Bomet. Sina ubishi na fundi anayemwelewesha mwenzake kwa lugha ya mama, na ningefurahi yafanyike zaidi. Ila mashamba haya ya chai yalijengwa na mikono ya Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Kibao kinachotundikwa kwenye bomba hakijui atakayepita mbele yake ni nani. Wala sisemi Kiingereza kifukuzwe. Vitabu vya mitambo vitaendelea kuja kwa Kiingereza, na fundi aliyehitimu sharti avisome.

Mapendekezo yangu si ghali. Kwanza, katika kazi za valvu "funga" na "fungua" yabakie kwa njia ya mvuke, maji au hewa peke yake. Kuchambua valvu kuitwe "kufumua", neno ambalo mafundi wa magari wanalijua, na kuirudisha mahali pake kuitwe "kusimika". Pili, kila valvu iwe na nambari yake iliyoandikwa kwa rangi, ili pasiwe na "ile" wala "hiyo". Tatu, anayepokea amri airudie kwa sauti kabla ya kunyanyua mkono: "Nafungua nambari 4, mzee." Si utovu wa adabu kumrudishia mkubwa maneno yake. Katika kazi hii ndiyo adabu yenyewe. Nne, kila kibao kiandikwe pia kwa Kiswahili, na kiseme nani amefunga, lini, na kwa nini.

Mzigo huu usiachiwe wenye viwanda pekee. Sisi wanaisimu tumetumia miaka mingi kubishana juu ya istilahi za fasihi na sarufi, tukawaacha mafundi wajitafutie maneno gizani. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko katikati ya majani ya chai, na vyuo vya ufundi viko Kericho na Bomet. Walimu wake, mafundi wakuu na wakaguzi wa serikali wakikaa pamoja, wanaweza kutoa orodha ya maneno mia moja ambayo kila mwanagenzi atayajifunza kabla ya kukabidhiwa spana. Niko tayari kuketi nao, tena bila kudai posho.

Kabla sijaondoka kiwandani siku ile, nilimwuliza kijana kama angerudi kazini kesho yake. Alisema angerudi, kwa maana nyumbani kuna wadogo zake wanaosoma na karo inamngoja yeye. Sheria niliyoitaja inamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Lakini haki hiyo huanza kwa kuielewa hatari, na hatari haieleweki ikiwa imeandikwa kwa lugha ngeni au imetamkwa kwa neno lenye maana mbili. Kijana yule aliokolewa na ukelele wa mzee aliyekuwa karibu. Tusingoje siku ambayo mzee atakuwa upande wa pili wa kiwanda.